Kwa nini minara ya simu inasimama nje kidogo ya hifadhi ya barabara kuu, wakati ardhi ya umma iko wazi pale pale?

#1 Mpimaji_Chalinze
Wakuu, habari. Nina hoja, na naomba wanaoijua kazi hii wanijibu kwa vifungu na vipimo.

Ukipita barabara kuu zetu nyingi hapa Tanzania utaona mnara umesimama mita chache tu kutoka kwenye kigingi cha mpaka wa hifadhi (ukanda wa ardhi uliotengewa barabara), lakini upande wa nje, ndani ya shamba la mtu. Mwenye shamba anapokea pango kila mwaka. Kati ya uzio wa mnara na lami kuna ardhi ya umma, nyasi tupu. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Ardhi ipo. Faiba (nyaya za intaneti) nayo mara nyingi imefukiwa humo humo.

Madai yangu: TANROADS, wakala wa barabara kuu, ingepangisha vipande vya mita 15 kwa 15, pango liende kwenye matengenezo ya barabara, na makampuni ya minara yangeacha kuhangaika na wenye mashamba 500 tofauti. Marekani wanafanya hivyo. Sisi tunakwama wapi?

#2 Kigingi
Jibu fupi: X nyekundu, ile alama ya kubomolewa.

Mtu mwenye akili hawekezi zege la mamilioni mahali ambapo siku yoyote anaambiwa "ondoka kwa gharama zako". Kumbuka bomoabomoa ya Kimara hadi Kiluvya, Barabara ya Morogoro, mwaka 2017, ambako hifadhi ilikuwa mita 121.5 kila upande. Nyumba zaidi ya elfu moja zilikwenda chini. Mwaka huo huo hata jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo lilivunjwa sehemu kwa kuwa ndani ya hifadhi. Kama shirika la umma halikupona, mnara wa kampuni utapona?

#3 Kalavati600
@Mpimaji_Chalinze, uzi mzuri, ila mita 15 kwa 15 haziingii. Tupige hesabu.

Barabara ya njia mbili, kila njia mita 3.5. Kutoka katikati hadi ukingo wa njia ni 3.5. Ongeza eneo la usalama ambalo gari likiacha njia halitakiwi kukutana na kitu kigumu. Kwa mwendo wa barabara kuu wabunifu huchukua kama mita 9 kutoka ukingo wa njia. Umefika 12.5. Zinabaki 17.5 hadi kwenye kigingi. Kiwanja cha mita 15 kinaingia, na ziada ya mita 2.5. Kwenye karatasi unafurahi.

Sasa panua barabara iwe njia nne. Nusu ya tuta la kati mita 2, njia mbili mita 7, eneo la usalama mita 9. Jumla 18. Zimebaki 12. Kiwanja hakiingii tena, na bado hujaweka mtaro, mteremko wa tuta, bomba la maji wala barabara ya huduma. Kila barabara kuu iliyo karibu na mji itapanuliwa, swali ni mwaka gani tu. Ile ardhi unayoiona imelala ni akiba ya upanuzi.

#4 Kalavati600
Nimesahau jambo moja: mnara unaoshikiliwa na nyaya usiufikirie kabisa. Nanga zake hukaa umbali wa takribani asilimia 60 hadi 80 ya urefu. Mnara wa mita 60 unataka nanga mita 36 hadi 48 kutoka kwenye shina, na ziko pande tatu. Nanga moja ingetua upande wa pili wa lami. Ndani ya hifadhi unabaki na mnara wa miguu mitatu au minne, au mlingoti mmoja.

#5 Msomi_wa_Sheria
Nimsahihishe kidogo mleta uzi. Ukitaka vipimo usiishie kwenye Sheria Na. 13 ya 2007, soma pia Kanuni za Usimamizi wa Barabara za 2009. Upana umewekwa kwenye kanuni. Na zile X mbili zina maana tofauti: nyekundu ni kwa aliyejenga ndani ya 22.5 za zamani, huyo anaondoka bila fidia. Kijani ni kwa aliyekutwa na upanuzi, kati ya 22.5 na 30, huyo anastahili fidia akitakiwa kupisha. Mnara uliojengwa leo ndani ya mita 30 hauna X ya kijani ya kuutetea.

Hoja kubwa zaidi: Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaiweka hifadhi ya barabara kwenye kundi la ardhi ya hifadhi, pamoja na misitu na mbuga. Wakala wa barabara anaisimamia kwa kusudi maalumu. Anachotoa kwa kawaida ni kibali cha kupitisha au kuweka miundombinu, na kibali si pango. Kibali kinamruhusu mtu kuwepo, hakimpi haki juu ya ardhi yenyewe. Mwenye kibali hawezi kukisajili kwa Msajili wa Hati, hawezi kukiweka rehani, na barabara ikihitaji eneo anahama.

#6 Mnara_na_Nanga
@Kalavati600 hesabu zako ziko sawa, ila kuna watakaozidandia kusema "mnara utaangukia magari". Tuwe makini. Mnara wa chuma uliobuniwa vizuri hauanguki mzima kutoka kwenye shina kama mnazi. Ukizidiwa na upepo, mara nyingi hupinda au kukatika sehemu ya kati au ya juu, na kipande kile hudondoka karibu na shina. Mlingoti unaweza kubuniwa makusudi uwe na sehemu dhaifu juu ili ujikunje pale pale.

Kinachong'oa mnara mzima ni kitako. Na kitako ndani ya hifadhi kina adui wake: mtaro. Unachimba mita 2.5 au 3, jirani yako ni mtaro unaojaa kila masika. Udongo ukilowa unapoteza nguvu ya kuzuia mguu usivutwe juu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ni mbaya zaidi, maana unavimba masika na kupasuka kiangazi. Hapo unaacha vitako vya mguu mmoja mmoja, unaweka bamba moja pana la zege chini ya miguu yote, na unasogeza mtaro au kuujengea kuta. Kusogeza mtaro wa barabara kuu kunahitaji kibali kingine.

#7 Dizeli_Usiku
Na mnasahau anayeingia pale kila wiki. Mahali pasipo na umeme wa gridi, jenereta linalofanya kazi saa 24 linakula karibu lita 2 kwa saa. Ni lita zaidi ya 300 kwa wiki. Ukiweka betri za lithiamu na sola unapunguza sana, lakini gari la mafuta bado linakuja. Litasimama wapi? Likisimama begani mwa barabara usiku, kwenye kona, umetengeneza ajali. Kwa hiyo unahitaji njia ya kuingilia, kalavati la bomba la milimita 600 juu ya mtaro lenye urefu wa mita 6 au 7, na nafasi ya gari kugeuza ndani ya uzio ili lisitoke kinyumenyume. Tangi nalo lazima liwe ndani ya beseni la zege linalobeba asilimia 110 ya ujazo wake, kwa sababu likivuja linaingia moja kwa moja kwenye mtaro wa barabara na kuishia mtoni.

Shambani kwa mtu haya yote unayapanga na mtu mmoja.

#8 Mzawa_Ughaibuni
Wadau, kwa kuwa Marekani imetajwa, tuiweke sawa.

Ardhi ya barabara za Interstate (barabara kuu zinazounganisha majimbo) ni ya majimbo, ingawa sehemu kubwa ya fedha za ujenzi ilitoka serikali kuu. Kuna milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza ni wa huduma kama umeme, maji, gesi na nyaya za simu, uko kwenye kanuni za serikali kuu, 23 CFR 645. Jimbo linatoa kibali kwa sera yake. Wa pili ni wa matumizi yasiyo ya barabara, uko 23 CFR 710. Huu ndio mkataba halisi, na kwa kawaida lazima ulipe thamani ya soko. Ikiwa ni Interstate, mamlaka ya barabara ya serikali kuu, FHWA, lazima iidhinishe. Mkataba uweze kufutwa, mpangaji awe na bima, wakaguzi waruhusiwe kuingia, na vitu viondolewe bila FHWA kugharamika. Sehemu ya serikali kuu katika mapato halisi inarudi kwenye miradi ya barabara.

Mnara wa simu unaingia mlango gani? Majimbo hayakubaliani. Mengine yanauhesabu kuwa huduma, mengine biashara ya kupangishwa. California, kwa mfano, ina utaratibu wa leseni za minara kwenye ardhi ya barabara kuu.

Na hawaweki popote. Wanapenda katikati ya mizunguko ya makutano, yadi za matengenezo, vituo vya mapumziko na vya mizani. Fundi anatakiwa kuingia kwa barabara ya pembeni, kupitia geti lililofungwa, bila kukanyaga njia za mwendo kasi.

#9 Kigingi
Kwa hiyo hata huko kuna kufutwa na kuondolewa. X nyekundu kwa Kiingereza.

#10 Mzawa_Ughaibuni
@Kigingi 😂 tofauti ni kwamba masharti ya kufutwa yameandikwa kabla ya zege kumwagwa, na benki imeyasoma.

#11 Bando_Limeisha
Mimi nimesoma Marekani waliweka kikomo cha dola 270 kwa mwaka kwa mnara kwenye ardhi ya barabara. Kama ni hivyo mapato anayoyaota mleta uzi hayapo.

#12 Mzawa_Ughaibuni
@Bando_Limeisha hapana, hapo umechanganya vitu viwili. Uamuzi wa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, wa Septemba 2018 unahusu vituo vidogo vya mawasiliano, vile vya kufungwa kwenye nguzo za taa na nguzo fupi za kama mita 15, antena isiyozidi futi 3 za ujazo. Na 270 si kikomo. Ni kiwango ambacho mamlaka ikitoza haiulizwi. Ikitoza zaidi, ithibitishe kwamba gharama zake halisi zinafika hapo. Uamuzi huo huo uliweka siku 60 za kujibu ombi la kufunga kwenye nguzo iliyopo na siku 90 kwa nguzo mpya. Mnara wa mita 45 kwenye makutano ya barabara kuu ni habari nyingine kabisa.

#13 Busta_ya_Voi
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Sheria ya Barabara ya 2007 iligawa kazi: KeNHA barabara kuu, KURA za mijini, KeRRA za vijijini. Ukitaka kuweka kitu kwenye hifadhi unaomba idhini kwa mwenye barabara hiyo, na kazi ya kwanza ni kujua mwenyewe ni nani, kwa sababu barabara hupandishwa daraja na nyingine ziko chini ya kaunti. Ombi linaenda na mchoro wa eneo unaoonyesha umbali kutoka katikati ya barabara, mchoro wa kuingilia, na mpango wa kuongoza magari wakati wa ujenzi. Kando ya hapo una NEMA kwa mazingira, KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kwa urefu, na kibali cha ujenzi cha kaunti.

Watu hukwama kwa mpangilio. Wanapata kibali cha mazingira kwa mahali A, mwenye barabara anawasogeza mita 8, halafu karatasi zote zinaonyesha majira (namba za GPS) ya mahali pa zamani. Unaanza upya. Ushauri wangu: pata kwanza barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka kwa mwenye barabara, pima kwa GPS ya kupimia ardhi na si ya simu, ndipo upeleke majira yale yale kwa kila ofisi.

Kuhusu pango, @Msomi_wa_Sheria yuko sahihi hata kwetu. Mkataba wa zaidi ya miaka 2 unasajiliwa. Idhini ya hifadhi haisajiliki hivyo.

#14 Riba_na_Dhamana
Mmezunguka sana, jibu liko benki.

Kampuni ya minara haiuzi simu. Inauza nafasi kwenye chuma. Mtandao wa kwanza unalipia ujenzi, wa pili na wa tatu ndio faida. Angalieni historia yetu: Helios Towers ilinunua minara ya Tigo na baadaye ya Vodacom, na ya Airtel nayo ikauzwa. Minara yote hiyo ilihama mikono pamoja na mikataba ya ardhi iliyo chini yake. Mnunuzi na mkopeshaji wanauliza maswali matatu kuhusu mkataba wa ardhi: umebaki muda gani, unahamishika kwa mmiliki mpya bila kuomba ruhusa upya, na unaweza kuvunjwa kwa notisi ya muda gani. Mkataba wa shamba wa miaka 10 wenye haki ya kuongeza unajibu yote. Kibali cha hifadhi kinachofutwa kwa notisi ya miezi michache hakijibu hata moja.

Na mwenye barabara akipangisha kweli, atataka fungu kwa kila mtandao unaoongezwa. Mwenye shamba kwa kawaida anakubali kiasi kimoja na nyongeza ya kila mwaka.

#15 Shamba_la_Babu
@Mpimaji_Chalinze nakupinga kwa nguvu zote. Hilo pango unalotaka liende kwa wakala ndilo fedha pekee ya uhakika inayofika kijijini kutoka kwenye huo mnara. Mkulima anapata kitu kisichotegemea mvua. Usimnyang'anye.

Ila wanakijiji wasaini kwa macho. Ardhi ya kijiji ina ngazi chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999: haki ya kutumia ardhi kwa asiye mwanakijiji isiyozidi miaka 5 inaweza kuidhinishwa na halmashauri ya kijiji; zaidi ya hapo mkutano mkuu wa kijiji lazima uhusike; ikizidi 10 na Kamishna wa Ardhi anaingia. Mkataba wa miaka 15 uliosainiwa na mwenyekiti peke yake chini ya mwembe ni kesi inayosubiri siku yake. Pili, mpangaji anakata kodi ya zuio asilimia 10. Dai cheti chake. Tatu, kifungu cha mwisho wa mkataba: nani anang'oa zege? Waandike "kufukua hadi mita 1 chini ya uso wa ardhi na kurudisha udongo wa juu". Wasipoandika, watang'oa chuma na kuacha vitako, na trekta halitapita pale tena.

#16 Mpimaji_Chalinze
@Shamba_la_Babu nimekuelewa, na hapo kwenye vitako umenipa kitu. Lakini barabara ni ya wote. Mnara mmoja unamnufaisha mwenye shamba mmoja. Kiwanja cha hifadhi kingesaidia kuziba mashimo ya kilomita nzima.

@Kalavati600, vipi mlingoti? Kiwanja cha mita 6 kwa 6, mita 30 kwenda juu, makabati ya nje badala ya kontena, bila jenereta mahali penye umeme. Kwenye zile mita 12 zako kinaingia.

#17 Kalavati600
Kinaingia, ukikipeleka mwisho kabisa karibu na kigingi. Lakini mlingoti wa mita 30 haubebi mitandao mitatu na madishi ya maikrowevu kama mnara wa miguu minne. Umeokoa ardhi, umepoteza wapangaji. Rudi kwa @Riba_na_Dhamana akupigie hesabu.

#18 Desibeli
Naomba niwaharibie mjadala. Kwa upande wa redio mnara hauna haja ya kuwa barabarani. Mpangaji wa mtandao anatoa duara la kutafutia eneo, mara nyingi nusu kipenyo cha mita 200 hadi 500 mashambani. Popote ndani ya duara panafaa, na mwinuko unashinda ukaribu: kilima kilicho mita 300 kutoka lami kinafunika barabara ndefu kuliko bonde lililo kando ya lami. Antena mbili zinaelekezwa kufuata barabara, ya tatu kijijini.

Kwa hiyo wasaka maeneo wanaingia kwenye duara na kuuliza swali moja: nani atasaini mapema? Mwenye shamba anasaini ndani ya wiki kadhaa. Ofisi ya umma lazima ithamini, itangaze, ishindanishe, ipitishe kwenye bodi. Lengo la mtandao lina tarehe. Ni muda unaoamua, siyo sheria wala benki.

#19 Riba_na_Dhamana
@Desibeli muda unaeleza kwa nini hawakuomba. Hauelezi kwa nini waliopewa vibali wanahama baada ya miaka michache.

#20 Kahawa_Leeds
Uingereza hawalipi kabisa. Kampuni yenye haki chini ya Kanuni ya Mawasiliano ya Kielektroniki, iliyofanyiwa mageuzi Desemba 2017, inaweka vifaa vyake kwenye barabara ya umma bila mkataba wa pango na mwenye barabara. Ndiyo maana milingoti ya mita 15 hadi 20 imejaa kando ya njia za miguu. Na kwenye ardhi ya watu binafsi mageuzi yale yalishusha pango sana, kwa sababu thamani sasa inahesabiwa bila kutazama faida ambayo mtandao unaipata pale. Kesi nyingi zimefika mahakamani.

Kwa hiyo swali "wapangishe au la" lina jibu la tatu: minara itambuliwe kuwa huduma, isilipiwe pango, na ipangiwe mahali.

#21 Shamba_la_Babu
Hilo jibu la tatu libaki huko huko Leeds.

#22 Mnara_na_Nanga
Kwa wanaofikiria kujaribu, ethi (waya wa kupeleka radi ardhini) isisahaulike. Kando ya barabara kuna reli za kinga, mabomba ya chuma, nguzo za taa. Radi ikipiga mnara, mkondo unatafuta njia. Lenga ukinzani wa ethi chini ya omu 10, na wengi wanadai 5. Zungusha pete ya waya chini ya ardhi nje ya vitako, unganisha kila mguu na uzio, pima kiangazi si masika, maana udongo mkavu ndio mtihani. Shaba ikiwa wazi kando ya barabara kuu itaibiwa. Tumia chuma kilichofunikwa shaba au utepe wa mabati, na funika viungo kwa zege.

#23 Busta_ya_Voi
@Mpimaji_Chalinze turudi kwenye hoja yako ya kwanza. Mwenye barabara ana ardhi nyingine ambayo si utepe wa mita 30: vituo vya mizani, yadi za matengenezo, machimbo ya zamani ya kifusi, viwanja vya kambi za makandarasi vilivyobaki baada ya mradi. Vile havitaguswa na upanuzi wa njia, magari tayari yana pa kuingilia, na mizani ina umeme na mlinzi. Ni sehemu zile zile alizozitaja @Mzawa_Ughaibuni.

#24 Msomi_wa_Sheria
Kambi ya mkandarasi uitazame mara mbili. Nyingi zilikodishwa au kutolewa na kijiji kwa muda wa mradi tu, kwa masharti ya kurudishwa. Kabla ya kupangisha, fukua mkataba wa mradi na muhtasari wa kikao cha kijiji, halafu fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Mizani ni salama zaidi kama kiwanja kilitwaliwa na kulipiwa fidia kikamilifu. Hapo pango linalosajiliwa naona linawezekana, likipitia Kamishna wa Ardhi.

#25 Desibeli
Mizani nyingi ziko kwenye tambarare, na umbali kati yake si umbali wa minara. Utapata eneo moja zuri kila kilomita mia na kitu.

#26 Mpimaji_Chalinze
Asanteni. @Msomi_wa_Sheria, kiwanja cha mizani kikiwa kimepimwa na kina hati ya wizara, anayesaini upande wa mwenye ardhi ni mtendaji mkuu wa wakala au katibu mkuu wa wizara? Na fedha zinaingia kwenye akaunti ya wakala au Mfuko wa Barabara?